Mita Ipo, Ila Haijisikii

Haya, na dereva huyu wa teksi naye kakataa. Kashusha kioo kidogo tu, kiasi cha pua, kasikia neno "Nana", katikisa kichwa kama aliyeombwa figo, kapandisha kioo na kuondoka zake na kiyoyozi chake.

Hapa ni Pratunam, soko la nguo la Bangkok, saa 11 jioni, wingu la Septemba limetanda, na kila mwenye mfuko mweusi wa nguo amesimama ukingoni mwa barabara anapunga mkono. Wafanyabiashara wa Kariakoo mnapajua, sina haja ya kueleza. Kutoka hapa hadi Nana, mtaa niendako, ni kilomita tatu hivi. Mtu angetembea, kama si mifuko, kama si mvua, na kama njia ya waenda kwa miguu isingekuwa ni barabara ya pikipiki, jiko la mishikaki na duka la soksi kwa wakati mmoja.

Tuwekane sawa. Sisi ni watu wa kupatana bei. Mtoto wa Dar es Salaam anajua kusema "punguza" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mtu akitua nchi yenye teksi zilizofungwa mita, tena kisheria, moyo unatulia: basi, leo hakuna kubishana, mashine itasema. Na mashine inasema kweli. Inaanzia baht 35, hela ya Thailand, kwa kilomita ya kwanza, halafu baht 6 na nusu kwa kila kilomita mpaka ya 10, na gari likikwama kwenye foleni inahesabu baht 3 kwa dakika. Bei ya haki kabisa. Kazi ni kumbembeleza mwenye mashine aiwashe.

Anza na taa. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kibao kidogo kinachowaka nyekundu. Dunia nzima nyekundu ni simama, hatari, pamejaa. Bangkok nyekundu ni karibu, gari tupu! Ikizimwa ndiyo kuna mtu ndani. Wageni wanamaliza jioni nzima wakipungia teksi zenye watu wake na kuziacha tupu zipite, halafu wanarudi hotelini kusimulia kwamba teksi za huku zina dharau.

Halafu usiisogelee teksi iliyoegeshwa. Teksi iliyosimama nje ya hoteli, nje ya duka kubwa au nje ya hekalu, dereva kalaza kiti na miguu iko dirishani, hiyo haisubiri abiria, inasubiri windo. Huyo ndiye atakayekuambia mita mbovu huku namba zake zinakukodolea macho. Chukua inayotembea. Na usimame upande ambao magari yanaelekea uendako, kwa sababu kutafuta pa kugeuzia gari katika mji huu kunaweza kukula dakika 20, yaani baht 60, na ukijitazama bado uko palepale ulipopandia, ila sasa uko ng'ambo.

Mkono unaunyosha kiganja kikitazama chini, unapungia vidole kuelekea ardhini. Gari likisimama, fungua mlango wa nyuma, lakini usiingie. Hapa ndipo utu uzima unapovuliwa. Baba wa watoto, mwenyekiti wa kamati ya harusi huko kwao, mtu anayepishwa kiti kwenye daladala, anainama nusu ndani nusu nje, makalio yako barabarani yanapigiwa honi na basi, na anataja aendako kwa sauti ya kuomba kazi.

— Nana. Sukhumvit Soi 3.

— Mia tatu.

— Mita, kaka.

— Foleni.

— Foleni naiona. Washa mita.

— Mvua.

— Mvua iko wapi? Haijanyesha!

Dereva anatazama angani. Anamtazama abiria. Tone la kwanza, nene, linamdondokea abiria kisogoni.

— Mia tatu na hamsini.

Na kinachoudhi zaidi ni kwamba jamaa ana hoja. Teksi nyingi za rangi moja, ya waridi, ya bluu, ya chungwa, si mali ya anayeziendesha. Kakodi kwa zamu, na zamu ikiisha lazima alipe kodi ya gari na gesi aliyochoma. (Zenye njano na kijani ndizo za mtu binafsi mwenye gari lake.) Sasa piga hesabu naye. Foleni ikisimama kabisa, baht 3 kwa dakika ni baht 180 kwa saa. Safari ya Pratunam hadi Nana ikichukua dakika 40 za kukaa tu, mita itasoma 160 na ushee. Dakika hizohizo, barabara ikiwa nyeupe, angempeleka mtu uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi akapata zaidi ya 200 na upepo akapigwa. Na jioni ndiyo saa za kubadilishana zamu, kwa hiyo anayekubali ni yule tu anayekuta njia yako na ya gereji yake ni moja. Hana chuki na wewe. Anajua hesabu kukuzidi. Lakini kulijua hilo hakukaushi shati.

Akikubali, ingia, na simu iweke mfukoni kwanza. Tazama kidole chake. Mita ibonyezwe mbele yako na isome 35. Ikianza na 87, hiyo ni nauli ya mtu aliyeshuka kitambo, na wewe si mrithi wake. Kwenye dashibodi, katikati ya mashada ya maua na sanamu ndogo za Buddha, kuna kitambulisho chenye picha ya dereva na namba. Kipige picha. Malalamiko ya teksi ni namba 1584, polisi wa watalii ni 1155. Mara nyingi huhitaji hata kupiga. Namba zikionekana tu kwenye kioo cha simu, mita iliyokuwa mgonjwa inapata nafuu hapohapo.

Akikuuliza kuhusu "haiwei" anataka kupanda barabara ya juu ya kulipia. Kama unaenda mbali kubali, lakini tozo ni yako, taslimu, unampa mkikaribia kibanda. Na kuhusu chenji naomba tusikilizane: usipande teksi na noti ya 1,000. Dereva hana chenji ya 1,000, hakuwa nayo jana na hatakuwa nayo kesho. Ingia 7-Eleven, ziko kila kona, nunua maji, uvunje noti yako hapo. Wale watoto wa kaunta wanapokea 1,000 kwa chupa ya maji bila hata kunyanyua nyusi. Mungu awabariki.

Anwani iandikwe kwa Kithai. Kadi ya hoteli inayo. Ukisema wewe jinsi unavyolisoma jina kwa herufi zetu, dereva atakusikiliza kwa heshima zote kisha akupeleke mkoani.

Halafu hizo soi. Barabara ya Sukhumvit ina vichochoro vyenye namba, witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Safi sana, mtu anajiona yuko kwenye mji wa watu waliosoma. Ila namba hazitazamani! Soi 55, ile ya Thong Lo, inatazamana na Soi 38. Soi 63, Ekkamai, inatazamana na 42. Ukielekezwa Soi 39, ukaona kibao cha 38, usishangilie hata kidogo, umebakiza kituo kizima cha treni. Nani aliwagawia hawa watu namba? Alikuwa analipwa?

Bodaboda sina neno nao. Wamevaa vizibao vya chungwa vyenye namba, wanakaa mdomoni mwa soi, na vijiwe vingi vina kibao cha nauli. Kofia ya abiria ipo, ila ilishavaliwa na mtaa mzima.

Bajaji zao, tuktuk, hizo hazina mita, na hapo ndipo sisi tungesema tumefika nyumbani. Tatizo la tuktuk ni pale bei inapokuwa nzuri mno. Mtu akikuambia baht 20 atakuzungusha mji mzima, ujue unayeuzwa ni wewe. Huanza hivi: umefika nje ya ukuta wa Kasri Kuu la wafalme, anatokea bwana nadhifu, shati la pasi, anakusikitikia, leo pamefungwa, kuna ibada. Hapajafungwa. Tiketi ni baht 500, pale pako wazi kuanzia saa 2 na nusu asubuhi, tiketi ya mwisho saa 9 na nusu alasiri, na mwenye habari za kufungwa ni mlangoni kwenyewe, si barabarani. Ukimwamini utapakiwa kwenye tuktuk upelekwe duka la vito, ambako dereva anapewa kuponi ya mafuta kwa kukuingiza tu. Mtu katoka nchi ya Mererani, nchi ya tanzanaiti, kasafiri baharini na angani, kwenda kuuziwa kipande cha buluu na mtu asiyemjua ili mwingine ajaze tangi!

Najua mtakachosema. Si apande treni? Ipo, ndiyo. Ya juu tangu 1999, ya chini ya ardhi tangu 2004, safi, baridi, haina habari na foleni. Lakini ni nyumba mbili zisizosalimiana. Pale Asok unashuka treni ya juu, unatembea hatua chache unaingia kituo cha chini kinachoitwa Sukhumvit, na lazima ukate tiketi upya. Huku wanakupa kadi, kule kidude cheusi cha plastiki cha duara. Kadi ya Rabbit ya treni ya juu, kule chini kwenye laini ya bluu ni pambo. Kule chini nako wanakubali kadi ya benki ya kugusisha, ukipanda juu nako unarudi dirishani. Na mashine nyingine za treni ya juu zinakula sarafu tu, kwa hiyo unapanga foleni kwenye kibanda kubadilishiwa noti, kisha unapanga foleni kwenye mashine. Hicho kikadi ukikipata usikitupe, ndicho kinachokutoa mwisho wa safari. Na ukiwa unakimbilia treni saa 12 kamili jioni, utaona kituo kizima kimesimama ghafla, kila mtu mikono pembeni, wewe peke yako unakimbia na mfuko mweusi. Ni wimbo wa taifa. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Simama.

Basi, kwa anayetoka Pratunam kwenda Nana, jibu ni boti. Mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa kuanzia 1837, unapita hapahapa nyuma ya maduka. Unashuka ngazi gatini, unapanda boti ya kuelekea mashariki, na kabla dereva wa teksi hajamaliza kutikisa kichwa umeshafika Nana Nuea, karibu na daraja la Soi 3. Nauli haizidi baht 20.

Sasa mbona watu bado wanapigia teksi magoti? Kwa sababu ile boti haijui kusubiri. Inagusa gati, kamba inatupwa mara moja, walio ndani wanatoka, walio nje wanaruka, na injini inanguruma. Anayesema "ngoja nishike mfuko" anabaki na mfuko wake. Ukishaketi, aliye pembeni ndiye mwenye kazi: kuna turubai la plastiki limefungwa kamba, boti ikipishana na nyingine unalivuta turubai lipande, maana yale maji si ya kuonja. Ukisahau, benchi nzima itakujua. Konda naye haingii katikati ya abiria, anatembea nje, kwenye ukingo wa boti inayokimbia, kavaa helmeti, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unadai nauli. Kuna madaraja ya chini ambayo paa la boti linashushwa ili lipite. Linashushwa juu ya kichwa chako. Na jioni wanafunga mapema, kwa hiyo usijipe moyo.

Makonda wa huku lakini nawavulia kofia. Wale wa basi jekundu lisilo na kiyoyozi, la baht 8, wana mkebe mrefu wa bati, ndani tiketi na sarafu, wanaufungua na kuufunga kla-kla-kla mpaka utoe hela mwenyewe. Wetu anachezesha sarafu kiganjani, yule ana kifaa. Hana kelele, hasukumi mtu, hasemi "sogea nyuma kuna nafasi" wakati nyuma kuna ukuta.

Na tukiwa kwenye mambo ya kusimama na kungoja, ninyi wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo: pale Suvarnabhumi usikimbilie foleni ya uhamiaji. Kuna meza ya afya kabla yake, kadi ya homa ya manjano inakaguliwa pale. Utasimama uhamiaji saa nzima, ufike dirishani, yule dada aone pasipoti, akunyooshee kidole ulikotoka. Fomu ya kuingia nchini, ya mtandaoni tangu Mei 2025, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Ukiona unadaiwa dola, hiyo si serikali, hiyo ni tovuti ya ndugu yake yule wa shati la pasi. Na chanjo yenyewe ichomwe angalau siku 10 kabla, si asubuhi ya safari, halafu mtu anaanza kumweleza ofisa kwamba dawa bado inatembea mwilini.