Mita Moja na Nusu Katika Nyumba ya Chumba Kimoja

Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, shule zilifungwa na Wakenya wakaagizwa kukaa umbali wa mita moja na nusu baina ya mtu na mwenzake. Katika maduka makubwa ya Kisumu agizo hilo lilitekelezeka, kwani miduara ya rangi ilichorwa sakafuni na kila mteja akasimama katika wake. Huko Nyalenda na Manyatta, mitaa ya mabanda ya jiji hilo hilo ambako familia nyingi hupanga chumba kimoja, kijana aliyeambiwa abaki nyumbani alipelekwa penye msongamano zaidi kuliko darasa alilotolewa.

Wanaoisifu kanuni ile, na hata wanaoilaani, hulipita jambo hili haraka. Pazia linalogawa chumba ni ukuta wakati wa usiku tu. Mchana hufungwa fundo, kitanda kikawa kiti, na kipindi cha masomo redioni kikashindana na mtoto anayelia. Ndiyo maana wavulana walishinda nje ya ploti wakionekana wakaidi, kisha usiku wakaenda kujibana kwa rafiki mwenye godoro.

Hata hivyo, kanuni yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kijana huweza kubeba virusi bila dalili yoyote, na kwetu kijana asiye na shule mara nyingi hupelekwa kwa nyanya yake mashambani, Siaya au Vihiga, kwa hiyo hatari aliyoibeba haikuwa yake peke yake. Mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15, wazee waliumia kwa kushindwa kumsindikiza marehemu wao kwa heshima. Vijana nao wakakosa disko matanga, yaani dansi za usiku msibani, na sijamsikia mzazi hata mmoja aliyelililia.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka wa 2021. Juni 1, sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu. Juni 18, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi ziliwekewa kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Kitabibu uamuzi ulikuwa na msingi, kwa kuwa aina ya kirusi iitwayo Delta ilikuwa imekwisha kuingia, lakini vijana walioona umati ukikusanyika kwa sherehe zile wangeaminije kwamba umbali unawahusu wote? Isitoshe, kwa mwendeshaji boda boda saa za jioni ndizo za mapato, na kafyu ya mapema iliwasukuma abiria wote stendini kwa wakati mmoja, wakigombea viti vya matatu iliyotakiwa kubeba watu wachache.

Nionavyo mimi, agizo lilikuwa sahihi ila lilimdhania kila kijana kuwa ana chumba chake. Madarasa yote yalipofunguliwa Januari 2021, mvulana wa Nyalenda aliagizwa na mwalimu asogeze dawati lake, akae mbali na rafiki aliyekuwa amelala naye godoro moja kwa miezi tisa.