Treffer sifuri

Jamani, kwenye ukoo wakishajua una laptopu umekwisha. We ndo unaitwa wifi ikigoma, we ndo unajaza fomu za mkopo za watoto wa watu, na sasa hivi naona mpaka marehemu wameongezwa kwenye majukumu yangu.

Imeanza Jumatatu, baba mkubwa wa Korogwe kanitumia voisi ya dakika nne, tatu za kwanza salamu na kukohoa, ya nne ndo shughuli. Eti babu mzaa babu yetu, Selemani, alikuwa nyapara kwenye reli ya Mjerumani, ile iliyoanzia Tanga 1893 ikajikokota mpaka Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na kwamba gazeti la Wajerumani lilimwandika jina. Nikamuuliza baba mkubwa umeliona hilo gazeti? Akasema "mimi nilisikia". Haya. Kisa chenyewe mnakijua ni nini? Harusi ya binti yake ni Jumamosi, na wakwe wana picha ya babu yao kwenye fremu, akida kabisa wa enzi hizo, kakaa kwenye kiti na kilemba, kila kikao lazima ile fremu ije. Baba mkubwa anataka na sisi tusimame tuseme kitu. "Siku hizi magazeti yote yameskaniwa mwanangu, wewe bonyeza tu."

Bonyeza tu!

Nikaweka bando, nikakaa saa tatu usiku, nikapata tovuti ya maktaba moja huko Ujerumani ina lile Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililoanza kuchapwa Dar 1899 mpaka Mwingereza alipoingia 1916. Roho ikatulia. Nikaandika Selemani, nikabonyeza, ikaja "0 Treffer". Sasa mi Kijerumani changu ni majina ya wachezaji mpira tu, nikadhani huyo Treffer ndo bosi wa pale maktaba. Kumbe Treffer ni matokeo. Sifuri. Nikajaribu Moshi, Treffer sifuri. Mwanza, sifuri. Ujiji, sifuri. Nikawaza hivi hawa watu walitawala nchi gani, isije ikawa hawakuwahi kufika.

Walifika, ila waliandika wanavyojua wao. Moshi ni Moschi. Mwanza ni Muansa. Bagamoyo ni Bagamojo. Arusha kuna sch katikati, na Ujiji, naomba mkae chini, Ujiji ni Udschidschi. Herufi kumi na moja kwa mji wa herufi tano! Shauri letu wameliandika Schauri, shamba ni Schamba, yaani Mjerumani akisikia sh moja anailipia herufi tatu na chenji hachukui.

Basi nikajua janja yao, nikaandika Usambara, hilo halina sh, nikasema hapa hamchomoki. Vikatokea vichache mno, na reli yenyewe inaitwa reli ya Usambara! Nikafungua gazeti moja nisome kwa macho. Hapo ndo nikakutana na zile herufi zao za zamani, Fraktur, za mikia na pembe, kila herufi imevaa kama inaenda kwenye sherehe. S ya katikati ya neno wanaichora ndefu, kama f iliyokatwa mkono mmoja. Binadamu ukizoea unasoma, lakini kompyuta iliyosomeshwa zile picha haina habari, yenyewe imeona f imeandika f. Nikaandika Ufambara. Wacha yamiminike! Ufambara huku, Ufambara kule, miaka yote hiyo milima yetu imekaa kwenye intaneti inaitwa Ufambara na hakuna aliyelalamika.

Na usidhani ukipata umepata. Ukurasa unafunguka vipande vipande kama fundi anapanga vigae, kipande cha juu kushoto kinakuja, kinafuata cha chini kulia, katikati panabaki weupe na bila shaka jina la babu liko pale pale kwenye weupe. Unakuza, bando linakatika. Unaweka lingine, unarudi, tovuti imekusahau, inaanza upya kukuonyesha mwaka 1899 kama vile hamjawahi kuonana. Ukiandika ukurasa wa 3 inakupeleka picha ya 3, na picha ya 3 ni jalada. Kuna ukurasa mmoja umeskaniwa umelala ubavu, nikaupindisha shingo mpaka mke wangu akaniuliza nataka kukandwa.

Saa saba usiku nimegeuka mtaalamu. Nimeshajua S kubwa ya Fraktur inafanana na G, n inafanana na u, kwa hiyo namtafuta babu yangu kwa jina la Gelemani, Selemaui, Gelemaui, mizimu kama inasikia itanisamehe, mjukuu namuita mzee kama dawa ya minyoo. Treffer sifuri. Af nikaona kiboksi kidogo pembeni, "unscharfe Suche", nikatafsiri kwa simu ikaniambia ni "utafutaji butu". Nikasema kama mkali umeshindwa ngoja tujaribu butu. Nikakiweka tiki.

Treffer moja!

Mikono inatetemeka, ukurasa unapanga vigae vyake, nikaona neno limepakwa njano. Nikakuza. Seemann. Nikatafsiri: baharia. Siyo jina la mtu wala nini, neno tu la Kijerumani, mambo ya meli na bandari, butu limelishika kwa sababu limeanza na Se na lina m na n.

Nikamtumia baba mkubwa ujumbe, kwa heshima zote, shikamoo baba, nimetafuta usiku kucha sijampata, nilichopata ni neno linalokaribiana na Selemani lakini maana yake baharia. Nimeandika wazi kabisa, hata mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Ikaja voisi ya sekunde kumi, safari hii bila salamu: "Si niliwaambia! Baharia! Wabishi nyie!"

Jumamosi hiyo, mbele ya wakwe, mbele ya fremu ya akida, baba mkubwa kashika maiki, reli haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Babu yetu alianza baharia, kufika katikati ya hotuba akawa nahodha, na kabla ya pilau alikuwa na majahazi mawili. "Yapo kwenye gazeti la Kijerumani, kijana wangu yule pale kayatoa kwenye kompyuta." Ukumbi mzima ukanigeukia nikiwa na paja la kuku mdomoni.

Baada ya chakula mzee wa upande wa pili kanifuata taratibu, kaniita mkwe, kanishika bega, akanipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Na wao wanataka akida wao atafutwe, fremu peke yake naona haitoshi tena. Nikakikunjua nilipofika nyumbani.

Jina lina s tatu.