"Nitawapigia Uhamiaji" ni unyang'anyi, na California imeliandika hivyo

Kuna mama ninayemfahamu hapa San Diego ambaye kwa miaka miwili alilala chumba kimoja na bibi kizee aliyekuwa akimtunza. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, kumgeuza, kumpeleka msalani, kumbadilisha shuka. Alilipwa saa 8 kwa siku. Zilizobaki aliziandika kwenye daftari la shule, tarehe kwa tarehe. Siku alipomwonyesha bosi wake lile daftari, bosi, Mswahili mwenzetu tunayekutana naye misibani na harusini, alimjibu: "Ukiendelea na hayo, nitawapigia uhamiaji." Mama akalifunga daftari lake.

Nimekuwa nikiwasaidia watu kwa ukalimani kwa muda sasa, na maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa wengi. Mwenye nyumba anayetaka kukutoa bila notisi huyasema. Mume aliyekuleta Marekani na kuzishika karatasi zako huyasema. Ndugu aliyekupokea uwanja wa ndege, na sasa anataka sehemu ya mshahara wako kila mwezi, naye huyasema, tena kwa Kiswahili safi.

Ndiyo maana naamini kwamba katika sheria zote ambazo jimbo la California limezitunga kuwalinda watu bila kujali hali yao ya uhamiaji, inayotufaa zaidi siyo ile inayogombaniwa kwenye televisheni. Hiyo ya televisheni ni ya 2017, aliyoitia saini gavana Jerry Brown, inayowazuia polisi wa jimbo na wa miji kufanya kazi ya uhamiaji, ingawa wale waliopatikana na hatia ya makosa fulani wameachwa nje yake. Serikali kuu iliipeleka mahakamani 2018, ikashindwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Lakini mama yule hakuwa na shida na polisi. Shida yake ilikuwa bosi.

Sheria zinazomhusu zilianzia mbali kidogo. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu, kura 5 kwa 4, kuhusu mfanyakazi wa kiwanda cha plastiki hapahapa California aliyefukuzwa kwa kushiriki kuanzisha chama cha wafanyakazi. Kwa kuwa hakuwa na kibali cha kufanya kazi, mahakama ilisema hastahili kulipwa mshahara wa muda aliokosa kazi. Maana yake kwa waajiri ilikuwa wazi kabisa: ukimwajiri asiye na karatasi, ukimkosea, hasara ni yake. Mwaka uleule Bunge la California likajibu kwa sheria yake: ulinzi na haki zote za kazi chini ya sheria za jimbo ni za kila aliyeajiriwa au kuomba kazi, awe na karatasi au asiwe nazo. Kisichowezekana ni kumrudisha mtu kazini pale sheria ya serikali kuu inapokataza.

Wapo wanaouliza, tena hata miongoni mwetu wenye green card, kwa nini anayeishi nchini kinyume cha sheria alindwe na sheria. Nawajibu kwa hesabu ya kazini. Kama mshahara wa mwenzako unaweza kuibwa bila adhabu na wako hauwezi, bosi atamwajiri nani kesho? Atamchukua anayeibika. Wewe utabaki na green card yako mkononi, kazi huna.

Kisha, 2013, jimbo likaligusa tishio lenyewe. Mwajiri anayetishia kumripoti mfanyakazi uhamiaji kwa sababu amedai haki yake anavunja sheria, na mahakama inaweza kusimamisha leseni ya biashara yake: hadi siku 14 kwa kosa la kwanza, 30 kwa la pili, 90 kwa la tatu. Wakili anayemtishia hivyo shahidi, mdai au mdaiwa kwa kuwa yumo kwenye kesi anaweza kuadhibiwa katika taaluma yake. Na katika sheria ya jinai, kumtisha mtu kwamba utaripoti hali yake ya uhamiaji ili akupe fedha au mali kuliingizwa pamoja na vitisho vingine vya unyang'anyi. Naomba ndugu zetu wanaochukua sehemu ya mishahara ya watu wasome hapo mara mbili.

Wapangaji walifikiwa 2017. Mwenye nyumba anayempasha habari ofisa wa uhamiaji ili kumsumbua mpangaji au kumtoa anaweza kuamriwa na mahakama amlipe kodi ya miezi 6 hadi 12. Kabla ya hapo, tangu 2007, alishakatazwa hata kumuuliza mpangaji kuhusu uhamiaji wake.

Sitamdanganya mtu kwamba hizi ni kinga dhidi ya kukamatwa. Jimbo haliwezi kutoa kibali cha kazi wala cha kuishi, na haliwezi kumzuia ofisa wa serikali kuu kufanya kazi yake barabarani. Juni 2025 tuliona Los Angeles ilivyokuwa wakati wa misako ya uhamiaji. Na ukivuka mpaka wa California mambo hubadilika. Wengi wetu wanahamia Texas kufuata nyumba za bei nafuu, na wachache huuliza kwanza sheria za huko. Texas, mwaka uleule wa 2017, ilipitisha sheria yake inayokwenda upande wa pili, inayowalazimisha polisi wa miji kushirikiana na uhamiaji.

Kinachoniuma zaidi kinatokea kwetu wenyewe. Katika makundi yetu ya simu, habari ya gari la uhamiaji limeonekana wapi husambaa kwa dakika tano, nyingine hata si za kweli. Habari kwamba ofisi ya Kamishna wa Kazi ya jimbo, inayopokea madai ya mishahara, haimuulizi mdai karatasi zake, na kwamba hutoa mkalimani bure, sijaona mtu akiisambaza. Kanisani tunatangaza michango ya misiba, msikitini tunatangaza darasa za watoto. Dakika mbili za kulitaja hili kwa Kiswahili hazikosekani, na mimi niko tayari kuja kulisema popote nitakapoitwa.

Mama mwenye daftari alikuja kwangu akiwa amekaa kimya miaka minne kwa hofu. Dai la mshahara wa kima cha chini hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Tulilipitia ukurasa kwa ukurasa, nikijumlisha saa, naye akinisomea tarehe, na tulipofika mwisho ilinibidi nimwambie kwamba hata ukurasa mmoja haukuwa ndani ya muda.