Gunia la lumbesa na shahada ya uzamivu

Muulize mkulima wa viazi Njombe amevuna kiasi gani, atakujibu: "Magunia sita." Karani anabonyeza 6 kwenye kishikwambi na kuhamia swali linalofuata. Miezi kadhaa baadaye, mtu mwingine aliye mbali na shamba hilo anazidisha 6 kwa kilo 100, kikomo cha kisheria cha gunia, na kilo 600 zinaingia kwenye hesabu. Tatizo ni kwamba gunia lile lilikuwa lumbesa, limeshonewa shingo ya kamba juu na viazi vimerundikwa humo kupita kilo hizo 100. Kenya sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini la shingo huko nako lipo na limepewa jina, mukorino, kwa kufananishwa na waumini wa dhehebu la Akorino wanaovaa kilemba.

Rudia kosa hilo kwa kaya elfu kadhaa. Kwenye takwimu, mavuno yatashuka na bei ya kilo itapanda. Mkulima ataonekana hana tija, na papo hapo ataonekana analipwa vizuri. Yote mawili ni uongo, na kuna sera itaandikwa juu yake.

Naanza na gunia kwa sababu vijana waliomaliza uzamili huniuliza kama inafaa kusoma uzamivu wa uchumi tumizi, yaani ule wa kuipeleka nadharia kwenye takwimu za watu halisi. Huwa wanataka jibu la ndiyo au hapana.

Hoja ya ndiyo ni nzito. Tangu 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania imekuwa ikizifuatilia kaya katika utafiti wa jopo wa kitaifa, yaani wa kuzirudia kaya zilezile baada ya muda, na takwimu zake anaweza kuzipakua mwanafunzi wa Dar es Salaam sawa na wa Marekani. Huko Busia, Kenya, jaribio la kuwapa watoto wa shule dawa za minyoo lilizaa moja ya makala zinazojulikana sana katika uchumi wa maendeleo, ya Edward Miguel na Michael Kremer, 2004. Mwaka 2019 Kremer alipata Nobel ya uchumi pamoja na wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa majaribio ya namna hiyo ya kupambana na umaskini. Walistahili, sina kinyongo. Ila mtu wetu asiye na uzamivu huishia kuwa yule karani wa kishikwambi. Anajua lumbesa ni nini, lakini swali halikuandikwa naye.

Na wapo waliofika. Benno Ndulu alisoma uzamivu Northwestern, akaja kuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u alisoma Gothenburg, akawa gavana wa Benki Kuu ya Kenya, kisha waziri wa fedha. Wote wawili waliwahi kuliongoza AERC, shirika la utafiti wa uchumi lililoko Nairobi tangu 1988. Lakini hawa ni wale tunaowaona. Waliokwama sura ya tatu ya tasnifu hawatajwi.

Wanakwama kwa nini? Aghalabu si kwa hesabu. Anayesomea nyumbani huuawa na konsaltansi. Ripoti ya wiki tatu inalipa ada ya mtoto, tasnifu hailipi kitu, semina ya Morogoro ina posho, na msimamizi wake naye yuko kwenye semina hiyohiyo. Rasimu inakaa mezani hadi inabadilika rangi. Mpango wa pamoja wa uzamivu wa AERC, ulioanza 2002, ulijaribu kutibu sehemu ya ugonjwa huu: masomo ya darasani kwanza, wanafunzi wa nchi mbalimbali wakakutanishwa Nairobi kwa masomo ya kuchagua, mitihani migumu, ndipo utafiti. Dawa nzuri, ila nafasi ni chache.

Anayekwenda nje hupata shida ya aina nyingine. Sweden mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mshahara. Vyuo vingi vya Marekani humlipia karo na posho, kwa miaka mitano au sita. Muda anao. Kinachompungukia taratibu ni swali lake. Anajifunza kutafuta swali ambalo jarida litalipenda, lenye jaribio safi, na uzito wa gunia hauna usafi huo. Hili mimi naliona hatari kuliko umaskini wa nyumbani, maana lenyewe huja na sifa.

Kwa hiyo anayetaka tu "Dkt." mbele ya jina, kwa karo ya mfukoni mwake, namwambia asubiri. Mhadhiri msaidizi anayetaka kupanda cheo hana ujanja, lazima asome. Waliobaki nawauliza: ni kitu gani umekiona kwa macho yako ambacho kwenye takwimu kimekosewa?

Wengi hunyamaza. Binti mmoja alitoa daftari la mistari, kurasa zimechafuka udongo. Alikuwa ameshinda soko la Mabibo akiomba mizani ya wafanyabiashara, anapima gunia moja baada ya jingine na kuandika lilikotoka. Nilimuuliza nani alimtuma. Akasema hakuna, ila ripoti aliyoisoma kazini ilimkera. Tukakaa kuangalia vyuo vinavyolipa.