Tumtibu mchangiaji ili kuokoa figo?

Ubongo ukishakufa, mwili wa mchangiaji wa viungo, uliounganishwa na mashine, hautulii. Adrenalini humwagika kwa wingi kisha hupungua ghafla, shinikizo la damu huporomoka, na kinga ya mwili huachia saitokini, yaani kemikali za kuamsha kinga, zikiwemo IL-6, zinazowasha inflamesheni (uvimbe na muwasho wa tishu) mwili mzima. Figo huanza kuumia kabla daktari hajashika kisu.

Kwa hiyo wanaosema tiba ianze kwa mchangiaji wana hoja nzito. Wagonjwa wanaosubiri figo ni wengi, viungo ni vichache, na steroidi, inayotuliza inflamesheni, ni dawa rahisi inayojulikana miaka mingi. Kwa nini tungoje kiungo kilichokwisha kuungua ndipo tuhangaike nacho ndani ya mpokeaji?

Nami ningekubali mara moja, kama si utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Wachangiaji wapatao 300 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa steroidi, wengine plasebo, yaani dawa bandia. Vipande vya figo vilipopimwa, inflamesheni ilikuwa imepungua kweli. Lakini baada ya upandikizaji, figo zilizogoma kufanya kazi mwanzoni zilikuwa asilimia 22 upande wa dawa na 25 upande wa plasebo, tofauti ndogo mno kuitegemea. Maabara ilifurahi, mgonjwa akarudi kwenye dayalisisi, mashine ya kusafisha damu. Hapo ndipo ninapowapinga wanaoshangilia IL-6 iliyoshuka: kipimo cha haki ni mkojo wa mpokeaji.

Cha kushangaza, kilichosaidia zaidi ni baridi. Mwaka 2015 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kumshusha mchangiaji joto la mwili hadi nyuzi 34 au 35 za Selsiasi kulipunguza figo zinazochelewa kufanya kazi kutoka asilimia 39 hadi 28. Lakini mwaka 2023 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba figo zilizotunzwa kwenye mashine ya kusukuma maji maalumu zilifanya vizuri kuliko zile ambazo wachangiaji wake walishushwa joto tu.

Linalobaki gumu ni ridhaa ya wapokeaji. Mchangiaji mmoja anaweza kuwapa viungo watu wanane. Dawa inayotolewa kwa ajili ya moyo hupita kwenye ini pia, na atakayepokea ini hajaulizwa. Kumuuliza usiku anapoitwa hospitalini, akiwa na saa chache za kuamua, si kumuuliza. Aelezwe siku anapoandikishwa kwenye orodha ya kusubiri, akiwa na muda wa kuhoji na kukataa.