Piezo ama biti ya almasi: nani hasa anatoboa utando wa sainasi?

Siku hizi ukiwaambia madaktari wenzio wa meno kwamba dirisha la sainasi, lile tundu la pembeni mwa taya la juu tunalopitia kunyanyua utando wa sainasi ili tuweke mfupa wa kushikilia jino la kupandikiza, bado unalifungua kwa drili na biti ya duara ya almasi, wanakuangalia kama umeingia kliniki na shoka. Kila mtu piezo, piezo, ile mashine ya kukata mfupa kwa mtetemo, na ukiuliza kwa nini unapewa namba mbili tu, 30 na 7. Yaani kwa drili utando unatoboka mara 30 kwenye kila 100, kwa piezo mara 7, basi mjadala umeisha, toa hela.

Kwanza piezo ipewe haki yake. Vercellotti na wenzake kule Italia walipoandika habari zake mwaka 2001 hawakuwa wanauza upepo. Ncha inatetemeka kasi ajabu, kilohezi 24 mpaka 29 hivi, inakula mfupa lakini ikigusa kitu laini haikikati kirahisi. Na kwangu mimi faida yake kubwa wala sio utando, ni ule mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta wa pembeni wa taya la juu: ukiukata na biti dirisha linajaa damu huoni kitu, unabaki kugandamiza gozi na kumuomba Mungu, wakati kwa piezo unaweza kuukwangulia mfupa pande zote na wenyewe ukabaki mzima. Hapo sibishi.

Ila hiyo 30 kwa 7 bana, imenikaa kooni. Imetoka kwa Wallace na wenzake, 2007, kesi 100 mfululizo zilizofunguliwa kwa piezo. Hiyo 7 ni yao kweli. Hiyo 30 je? Ni wastani wa drili uliokuwa umesharipotiwa huko nyuma, mikono ya watu wengine, wagonjwa wengine, hawakuweka kundi lao la drili pembeni walinganishe. Afu kuna jambo wauzaji wa mashine wanalipita haraka: wenyewe waliandika kwamba utando uliotoboka wote ulitoboka wakati wa kunyanyua kwa vifaa vya mkono, hakuna hata mmoja uliotobolewa na ncha ya piezo. Mtu wa piezo akisoma hapo anasema si umeona, mashine haina kosa. Mimi nasoma hapohapo nasema sawa, kwa hiyo hatari iko kwenye kijiko, kile kifaa cha mkono cha kunyanyulia utando, na kijiko ni kilekile uwe umefungua kwa mashine ya maelfu ya dola au kwa kibiti cha bei ya chakula cha mchana. Piezo ina ncha butu ya kuanza kuuachisha utando, ndio, lakini kule chini sakafuni na ukuta wa ndani wengi wetu tunafika kwa kijiko.

Barone na wenzake, 2008, walifanya kilichonivutia zaidi: wagonjwa 13, kila mmoja pande zote mbili, upande huu piezo upande ule drili. Piezo ikatoboa asilimia 30, drili 23. Usikimbilie kushangilia, watu 13 wanaenea kwenye Hiace moja, hizo asilimia ni sainasi 4 kwa 3, tofauti ni moja tu! Haisemi drili ni bora. Ila mdomo uleule, na ule mwanya mkubwa wa 30 kwa 7 haukuonekana.

Kwenye kozi sisi tulianzia mayai mabichi. Unakwangua ganda na biti ya almasi, maji yanatiririka, unaenda kwa kupapasa kama unafuta vumbi, mpaka kile kiutando kinaanza kuonekana kwa chini. Matatu ya kwanza niliyatoboa kwa biti. La nne wakanipa piezo, dirisha likatoka safi mpaka nikajisifu, afu nikalitoboa kwa kijiko kwa sababu nilikinyanyua badala ya kukilaza kwenye ganda na kukisukuma taratibu.

Osteotomu na nyundo za Summers, za tangu 1994, yaani vyuma unavyovigonga kusukuma sakafu ya sainasi juu, nazo zinasemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Mfupa ukiwa umebaki milimita 5 na zaidi unapita kwenye fizi palepale jino lilipokuwa, bila dirisha. Kelele za nyundo kichwani mgonjwa hazipendi, na wachache wanaamka na kizunguzungu kile cha kugeuza kichwa, kwa hiyo mwambie mapema. Ubaya wake wa kweli ni kwamba utando huuoni, unakisia.

Juzi kijana kaniuliza anunue nini kwanza. Nikamwambia seti kamili ya vijiko, biti mbili za almasi, na trei ya mayai. Piezo nitamuazima mimi, siku picha ya CT ikionyesha mshipa mnene umepita katikati ya dirisha.