Shefu wa Vidanje

Bandugu, siku batawaita mu komite ya ndoa, mbele ya kusema aksanti muulize kwanza bamewapa kazi gani. Mi sikuuliza. Mutoto wa yaya yangu alikuya ku nyumba na soda mbili mu mufuko, akanisalimia na mikono mbili, eti "baba mudogo, bila weye hii ndoa haiweze kufika", na mi nikatabasamu kama padri mwenye bamemupatia parokia mupya, nikamwambia mutoto wangu, baba yako mudogo iko. Kumbe kazi zote za maana zilikuwa zimeshagawanywa. Prezida wa komite ni rafiki yake mwenye iko na gari ya jipu. Kese ya feza iko na mama moja wa korale. Protokole, dekorasyo, sono, kortezhi, gato, zote ziko na benyewe. Chini kabisa ya liste, fasi biki ilianza kukosa wino, njo nikaona jina yangu na pembeni yake baliandika: VIDANJE.

Kwa wenye hawajue, vidanje ni chupa tupu. Unakunywa bia yako ya Primus, ile inabakia mu mukono njo vidanje, na haiko yako, ni ya mwenye depo ya pombe, na mwenye depo haendeke ku ndoa ya mutu, yeye anangojaka chupa yake tu. Kazye moja ni chupa 12. Sisi tulikamata kazye 40. Ile hesabu mi niliifanya usiku mara mingi kuliko sala: chupa 480, na kila moja inapaswa kurudia muzima na mudomo yake, ao mi njo nalipa.

Lakini acha nianze na mikutano. Mukutano ni dimanshi saa tisa, maana yake saa kumi na moja na nusu, kwa yaya kule Kadutu, mu Bukavu, fasi unapanda ngazi mpaka ukifika juu umesahau ulikuwa unakuya kusema nini. Bakasoma bajeti: dolari 4,300. Bakasoma kese: dolari 265, na mu ile 265 mulikuwa noti moja ya 20 yenye kupasuka. Njo sasa promesi zikaanza. Bandugu, mutu wa Bukavu akisimama kutoa promesi, hakuna tajiri wa kumupita. Mujomba moja alisimama, akafunga kifungo ya koti, akasema "mi natoa mbuzi mbili na dolari mia", tukapiga makofi, bamama bakapiga vigelegele, sekretere akaandika na biki nyekundu. Ile siku njo ya mwisho simu yake kupita. Mpaka leo ule mwanamuke wa mu simu ananiambia kwa Kifaransa mwenye namba hapatikane, na mi nimeshamuzoea, sasa namujibiaka bonjour.

Kiisha bakafungua grupu ya WhatsApp. Batu 64. Unaandika "bapendwa, tunakumbushana kotizasyo", banaweka kidole ya juu. Unaandika tena, banaweka mikono ya kusali. Mi niliona vidole ya juu 50 siku moja, na hakuna duka hata moja ya Bukavu yenye inapokeaka kidole juu ya muchele.

Dote sasa, ile mahari ya binti. Tulienda Bagira samdi asubui, tumevaa vizuri, tumebeba kasiksi, pombe ya ndizi. Upande ya binti bakatupa liste: koti na viatu ya papa, bitenge ya mama, blanketi ya nyanya, mbuzi, na ng'ombe tano. Ile ng'ombe musiifikirie na mikia. Ni ng'ombe ya mu mudomo, haikulaka majani, haikunyeshewaka mvua, unaigeuza dolari basi. Bao banasema moja ni 400, sisi tunasema 250, bao banarudi 380, utazani tuko mbele ya muchinjaji, na kumbe binti mwenyewe iko nyuma ya rido anasikiliza bei.

Njo hapo ndugu yetu moja, mwenye alisomaka droa, masomo ya sheria, miaka mbili na hakuisha, akatoa mu sakoshi Kode ya Famili, kitabu ya sheria ya Kongo juu ya ndoa. Ile ya 1987, yenye balirekebisha 2016. Akavaa mawani. Akasoma mbele ya batu ya kwamba sheria inaomba dote, ndiyo, lakini ndoa inaweza kufungwa hata kama dote imetolewa kipande tu. Akarudilia, "hata kipande, bazee!" Akaangalia kila upande kama avoka mwenye ameshinda. Muzee wa upande ingine akatulia, akanyoosha kofia, akasema: "Sawa, mukwe. Mutoe kipande na sisi tutawapa kipande ya binti. Muchague, munapenda kichwa ao miguu?"

Kode ikarudia mu sakoshi. Ng'ombe zikabakia tano.

Na haikuishia pale. Wakati ya kuhesabu, shangazi wa binti akakamata kila noti, akaiweka ku mwangaza ya dirisha, akaigeuza, akaivuta masikio. "Hii iko na mupasuko." Mupasuko wenyewe ni wa mududu, unahitaji mikroskopi. "Na hii ni kichwa kidogo." Mutu anikubalie, ule muzungu wa ku noti, kichwa yake ikuwe kidogo, ikuwe kubwa, iko na kosa gani? Kwabo Marekani banakulia naye mukate bila kumupima kichwa. Lakini shangazi akasukuma noti na kidole moja kama kitu ya kunuka, na mutoto wetu moja akakimbia mpaka kwa kambiste, mwenye kubadirisha feza, kambiste akazikata bei, na ile ya kukatwa nani alijazia? Mi. Juu eti shefu wa vidanje hajatoa kitu bado.

Siku ya ndoa. Ku komini ilipita. Kanisani, ku Notre-Dame de la Paix, mutoto alijibu "ndiyo" na sauti kubwa mpaka padri akacheka. Kortezhi ikateremuka kwenda kupiga foto pembeni ya ziwa, mvua ikaipokea, basi foto zote bibi arusi iko ndani ya gari anaonyesha pete ku kiyoo.

Sale. Invitasyo zilikuwa 250, batu balifika kama 400, juu kila mwenye alipata invitasyo aliisoma "weye na ukoo yako". Baprotokole, vijana bamevaa mawani nyeusi saa mbili ya usiku, bakaweka famili yetu nyuma ya nguzo, na mbele bakaweka batu yenye hata leo hatujajua balitokea wapi. Mi nikasimama ku mulango ya nyuma na kakaye kangu ka kuandikia chupa.

Bandugu, mutu mwenye hajachungaka vidanje hajue binadamu. Niliona papa mwenye heshima, mwalimu kabisa, anaingiza chupa mu koti na kofia yake inafunika. Niliona muzee anatembea na chupa mpaka ku gari, namuuliza muzee wangu, ananiambia "nakuya", gari ikaenda. Niliomba tupekue mikoba ya bamama ku mulango, prezida akasema hapana, itatuletea haya. Haya ile, factire yake iko na jina ya nani?

Kiisha saa tatu kasoro lumiere, ule umeme, ikakatika. Grupu ya umeme, ile jenereta, ikakataa kuwaka kama dakika kumi. Mu ile giza hakuna mutu aliongea, hakuna mutoto alilia, nilisikia tu tii, tii, tii, kioo ikigusana na kioo polepole. Mwangaza ikarudi: batu bote bameikala sawasawa kama mu misa, na meza zimepanguswa. Hata mama yangu muzazi, mu meza ya bazee, alikuwa amekumbatia mukoba yake kubwa ku magoti, macho yamefungwa, midomo inasali. Mama hakunywaka pombe tangu alipookoka. Nikamuhurumia, nikasema masikini, giza imemuogopesha.

Wakati ya kushukuru, bakashukuru prezida, kese, dekorasyo, mutu wa gato, hata ule wa sono mwenye alitupasula masikio. Vidanje bakairuka. Nilikuwa nimeshavuta koti nisimame.

Dimanshi asubui nikahesabu: 449. Nikahesabu kinyume, kutoka mwisho: 449. Zinakosa 31. Bei siandike hapa, bibi yangu anasomaka.

Lundi nikaenda kwa mama kukopa. Nikamuelezea yote, chupa, giza, mwenye depo amenipigia mara ine. Akasikiliza vizuri, akanipa chai, akasema feza hana, lakini "mutoto wangu, hebu vuta ule mukoba chini ya kitanda." Nikavuta. Ukalia tii.

"Nilijua batakuibia," mama akasema, "njo nikakuchungia."

Nikazipanga ku meza. Chupa sita. Ine zilikuwa bado na kifuniko. Nikamuuliza mama, polepole na heshima yote, na hizi mbili tupu nani alizikunywa? Akaanza kuimba wimbo wa kanisa.